"Amepigwa PI": Somo la Siku Kumi za Kazi

Ukikaa Tunduma wiki moja tu, utasikia mtu akisema, "Fulani amepigwa PI." Inasemwa stendi, inasemwa kwenye foleni ya malori, inasemwa hata msibani, pale watu wanapoulizana kwa nini mtoto wa marehemu hajaja kuzika kutoka Sauzi. Jibu huwa fupi: akitoka kule, harudi.

Herufi hizo mbili zinatokana na jina la kisheria la mhamiaji aliyepigwa marufuku. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania inalo kundi hilo, na ya Zambia ya mwaka 2010 pia inalo. Ila mtaani PI imekuwa jina la kila kitu: aliyesahau karatasi, aliyezidisha siku, aliyekamatwa na pasipoti ya kughushi. Wote "wamepigwa PI". Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu ugonjwa ukipewa jina lisilo lake, na dawa itakosewa.

Sisi wa ualimu tumezoea kuandika malengo ya somo kwanza. Haya ndiyo ya leo: ukimaliza kusoma, uweze kutofautisha aina tatu za kuzuiwa mpakani, uweze kuhesabu siku zako, na uweze kuandika barua ya kuomba zuio liondolewe. Nimechagua Afrika Kusini kwa sababu ndiyo safari ya vijana wengi wa Songwe: unavuka Tunduma na Nakonde, unakatiza Zambia, unapita Chirundu kuingia Zimbabwe, kisha Beitbridge. Mtanzania haombi viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka, na urahisi huo unatufanya tusahau kwamba siku zinahesabiwa.

Aina tatu, njia tatu

Ya kwanza ni kukataliwa kuingia siku ile. Pasipoti imebakiza muda mfupi, au huna uthibitisho wa unakokwenda kukaa. Unarudishwa, unarekebisha kilichopungua, unasafiri tena. Hapo hakuna msamaha wa kuomba.

Ya pili ni kutangazwa mtu asiyetakiwa. Iko kwenye kifungu cha 30 cha Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini, namba 13 ya mwaka 2002. Hii ndiyo inayowapata waliozidisha siku, na huwa unakabidhiwa karatasi wakati unatoka, sio wakati unaingia. Zuio hili lina tarehe ya mwisho.

Ya tatu ni kuwa mtu aliyepigwa marufuku, kifungu cha 29. Humo yumo aliyekutwa na viza au pasipoti ya kughushi. Hili halina tarehe ya kuisha lenyewe: linabaki mpaka Mkurugenzi Mkuu wa wizara yao ya mambo ya ndani aridhike kwamba kuna sababu nzuri ya kuliondoa.

Kwa hiyo mtu akikwambia kapigwa PI, mwombe kwanza akuonyeshe karatasi aliyopewa. Soma kifungu kilichoandikwa, halafu ndiyo mjadili la kufanya.

Hesabu ya siku

Zamani aliyezidisha siku Afrika Kusini alikuwa analipa faini. Kanuni zilizoanza kutumika Mei 2014 ziliondoa utaratibu huo na kuweka miaka. Ukizidisha siku zisizofika 31, unazuiwa miezi 12. Ukirudia kosa ndani ya miezi 24, unazuiwa miaka 2. Ukizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka 5.

Tuchukue mfano. Umeenda likizo ndefu kwa dada yako Johannesburg, na muhuri unasema ruhusa inaisha tarehe 30 Septemba. Ukitoka Beitbridge tarehe 30 Oktoba, umezidisha siku 30, yaani zuio la miezi 12. Ukitoka tarehe 31 Oktoba, ni miaka 5. Usiku mmoja wa kungoja basi umekugharimu miaka minne. Kwa mwanafunzi wa miaka 22, maana yake ni kurudi ukiwa na 27.

Angalia pia tarehe ambayo ofisa ameandika kwenye pasipoti, usitegemee namba 90 uliyoambiwa na konda. Anaweza kukupa siku chache zaidi, na kinachohesabika ni kile kilichoandikwa.

Sasa tuje kwenye siku kumi. Aliyetangazwa asiyetakiwa kwa kuzidisha siku anaweza kuwasilisha ombi la maandishi kwa wizara kule Pretoria ndani ya siku 10 za kazi tangu apewe karatasi, na linatumwa kwa barua pepe. Jumamosi na Jumapili hazimo kwenye hesabu. Lakini kumbuka siku zinaanza kuhesabiwa ukiwa bado Beitbridge. Basi linakatiza Zimbabwe na Zambia, unafika nyumbani umechoka, ndugu wanakuja kukupa pole, na wiki ya kwanza imeisha hivyo hivyo. Karatasi ipige picha palepale mpakani na barua uanze kuiandika ndani ya basi.

Barua inayosomeka

Huko Marekani kuna uamuzi wa mwaka 1978 unaotumiwa hadi leo, unaoitwa Matter of Hranka. Ulimhusu raia wa Kanada aliyezuiwa kuingia, naye alitaka kuvuka kwenda kuona ndugu zake. Bodi ya rufaa ilipima mambo matatu: akiingia ana hatari gani kwa jamii, kosa lake la nyuma lilikuwa zito kiasi gani, na kwa nini anataka kuingia. Akakubaliwa. Uamuzi huo hauwafungi watu wa Pretoria, ila maswali yake yanafaa kuwa mifupa ya barua yoyote ya namna hii.

Tulinganishe sasa. Barua dhaifu: "Naomba mnisamehe, maisha ni magumu, nawategemea ninyi na Mungu." Ofisa hana cha kushika hapo. Barua yenye nguvu: "Ruhusa yangu iliisha 30 Septemba. Nililazwa hospitali tarehe 27 Septemba, nikaruhusiwa 9 Oktoba. Nilitoka kupitia Beitbridge 12 Oktoba. Nimeambatisha cheti cha hospitali, nakala ya pasipoti na karatasi ya zuio. Sijawahi kuzidisha siku kabla ya hapo." Utaiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huohuo: tarehe, sababu iliyokuwa nje ya uwezo wako, ushahidi, ombi. Kulazwa ni mfano mmoja tu. Mwingine ni mpaka wenyewe kufungwa, kama Zambia ilivyofunga Nakonde Mei 2020 wakati wa korona.

Na kama huna sababu? Ulisahau tu, au ulikuwa unafanya kibarua? Usitunge ugonjwa. Cheti cha uongo kinakutoa kwenye kosa lenye tarehe ya mwisho na kukutia kwenye kosa la udanganyifu.

Kusubiri bila kuharibu

Baada ya kutuma ombi, zuio linaendelea mpaka jibu litoke. Kusubiri ni kugumu, na ndipo vishoka wanapotokea. Mmoja atakuuzia "kufutwa jina". Wa pili atakwambia uchukue pasipoti mpya, wakati taarifa zako ziko kwenye mfumo wao, hazikai kwenye kile kijitabu. Wa tatu atakuonyesha njia ya panya. Wote watatu wanakuchukua kutoka kifungu cha 30 kukupeleka cha 29, tena kwa hela yako.

Wakati unasubiri, tunza uthibitisho wa siku uliyotuma, na ukiulizia jibu, ulizia kwa maandishi. Mengine ya maisha yaendelee: zuio la nchi moja halikuzuii kumaliza chuo.

Zoezi

Jaribuni wawili wawili bwenini. (a) Kijana amezidisha siku 14, ni mara yake ya kwanza, na ana cheti halali cha hospitali. (b) Mama mfanyabiashara amezidisha miezi minane na anasikia baba yake anaumwa Vwawa. (c) Dereva amekutwa na viza aliyonunua mtaani. Kila mmoja yuko kifungu gani, ana zuio la muda gani, na ataandika nini?

Ile (b) ndiyo ngumu. Kalenda yake inasema miaka 5 siku atakapovuka, na baba hasubiri kalenda. Jibu lake mwalimu hawezi kulitoa kwenye kitabu. Anachoweza kupewa ni ukweli wa hesabu kabla hajapanda basi, na mtu wa kumsaidia kuandika barua ndani ya siku kumi. Huyo mtu anaweza kuwa wewe.