Ukienda Salaita, Nenda Asubuhi

Kilima cha Salaita ni kidogo kuliko unavyotarajia, na udogo huo ndio unaowashangaza wageni kwanza. Kiko kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, upande wa mashariki wa mji wa Taveta, kimefunikwa na vichaka vya miiba, na matatu hukipita mbio bila abiria hata mmoja kugeuza shingo. Aliyezoea milima atakipanda na kushuka kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kwa ajili ya kilima hicho, tarehe 12 Februari 1916, maelfu ya wanaume waliotoka Afrika Kusini, India, Uingereza, Ujerumani na pande zote za Afrika Mashariki walimiminiana risasi siku nzima.

Wengi hufika pale na neno moja mdomoni: hii ilikuwa vita ya Wazungu, sisi inatuhusu nini? Siwalaumu, shuleni ndivyo tulivyofundishwa. Lakini saa chache baadaye, kule makaburini Taveta, huyo huyo utamkuta amejitenga, hataki kusemeshwa, na mwenyewe hajui kilichomsibu. Nayaandika haya kwa ajili ya siku kama hiyo: uipange vipi, na jambo likikushika ufanye nini.

Kwanza, usisome sana kabla ya kwenda. Anayefika ameshiba vitabu huishia kukagua kama mahali panafanana na alivyosoma, na macho yake hayaoni kitu kipya. Haya machache yanatosha. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka koloni lao, Tanzania ya leo, yakaiteka Taveta na kujichimbia Salaita, kwa sababu kilima hicho kinalinda njia katika tambarare isiyo na maji. Waingereza wakajenga tawi la reli kutoka Voi hadi Maktau, kisha Mbuyuni, na maji wakayaleta kwa bomba kutoka Bura. Februari 1916 ikaletwa brigedi ya Afrika Kusini, vijana waliotua nchini majuzi tu, ikaamriwa kukitwaa kilima.

Mizinga ilikitwanga kilele asubuhi yote. Kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye kiuno na nyayo za kilima, yamefichwa na vichaka, na marubani waliotumwa kupeleleza hawakuyaona. Idadi ya walinzi nayo ilikadiriwa chini mno. Askari wa miguu walipokaribia, bombomu zikawapokea, kisha askari weusi wa jeshi la Kijerumani wakatoka na kuwashambulia ubavuni. Alasiri Waafrika Kusini walikuwa wanarudi nyuma kwa fujo, zaidi ya 130 kati yao wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani waliko. Tarehe 9 Machi, hata mwezi haujatimia, Waingereza waliingia Salaita bila kupigana, kwa sababu kamanda wao, Jenerali Smuts, alizunguka kwa njia nyingine na Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Mambo mengine yaache, utayasoma ukirudi.

Ukitoka Nairobi au Mombasa, treni ya SGR inayosimama vituo vya kati itakushusha Voi, kisha utapanda matatu ya Taveta. Ukitoka Moshi ni karibu zaidi: Himo, Holili, mpakani, umefika, alimradi hati za kusafiria umezibeba. Siku za soko kubwa la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Magari huwa tele siku hizo, lakini vyumba vya kulala huadimika na mji mzima hupiga kelele. Mimi ningechagua Alhamisi. Usiende kilimani peke yako. Tembo wa Tsavo Magharibi hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi, kwa hiyo ulizia mjini mwenyeji anayekijua kilima na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Vaa viatu vya soli ngumu, maana miiba ya kule hupenya ndala kama karatasi. Maji beba mengi kuliko unayodhani utakunywa.

Kuhusu asubuhi: Kilimanjaro huonekana mapema kabla mawingu hayajaufunika, na joto la saa sita mchana halimwachi mtu nafasi ya kufikiri. Tena asubuhi ndiyo saa waliyotembea wale askari wa Afrika Kusini. Jua lilikuwa mgongoni mwao wakitokea upande wa Mbuyuni, na ukisimama pale saa mbili unaona mwanga ule ule ukiangukia kilima kile kile.

Sasa usikimbilie kileleni. Watu wote hukimbilia kileleni, wanapiga picha, wanashuka, wanasema hakuna cha kuona. Anzia tambarare ya mashariki. Ingia vichakani na mwenyeji wako, sogea hatua mia mbili hivi kutoka barabarani, halafu chuchumaa. Kilima kitapotea. Kilichobaki mbele yako ni matawi, vumbi na sauti ya ndege, na huwezi kujua kama hatua ishirini kutoka ulipo yupo mtu au hayupo. Kaa hivyo dakika kadhaa bila kuzungumza. Watoto mkiwa nao waambie ni mchezo wa kujificha. Watauelewa upesi kuliko watu wazima.

Ukishainuka, tembea taratibu hadi chini ya kilima na umwombe mwenyeji akuonyeshe mabaki ya mahandaki. Usitarajie makubwa. Ni mifereji iliyojaa mawe na udongo, mbuzi anairuka bila kujali. Simama nyuma ya mmojawapo uangalie ulikotoka. Pale ulipokuwa umechuchumaa huku ukijiona umefichika, panaonekana waziwazi. Kwa watu wengi jambo huanzia hapa, na huanza kama hesabu tu: yule kule, mimi hapa, umbali huu.

Maganda ya risasi yangali yanaokotwa. Yaache yalipo, na ukiletewa na vijana usinunue. Kipande cha chuma usichokijua usikiguse hata kwa fimbo.

Utasimuliwa pia habari ya mbuyu na mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake, akiwadungua Waingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Siiamini hata kidogo, ila usibishane na msimuliaji. Sikiliza hadi mwisho, maana waliouzua mkasa huo walikuwa wakitafuta sura ya kuipa risasi isiyojulikana inakotoka, na wewe umetoka kuchuchumaa kwenye vichaka hivyo hivyo.

Kabla hamjaondoka kilimani, mweleze mwenzako kisa cha Wabaluchi. Baadhi ya wanajeshi wa Afrika Kusini walikuwa wakiwadharau askari wa India na kuwaita makuli. Siku ile, walipokuwa wanakimbia, kikosi cha 130 cha Baluchi ndicho kilichosimama na singe zake na kuwakinga. Inasimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia bombomu waliyoitupa njiani, pamoja na salamu na ombi fupi: tafadhalini, msituite makuli tena. Nimeona watu wakicheka kwa kisa hicho, kisha wakanyamaza katikati ya kicheko. Kisimulie pale pale, uwanja ukiwa mbele yenu. Ndani ya gari hakina uzito huo.

Makaburi yafuate baadaye, siku hiyo hiyo. Watu wengi hupanga kinyume, kwa sababu makaburi ya vita ya Taveta yako mjini na ni rahisi kuyafikia. Lakini aliyeanza na makaburi huona majina tu. Aliyetoka kilimani huona jina lenye mahali: huyu alikuwa vichakani, yule hakufika hata kwenye mfereji.

Usijaribu kuyasoma yote. Chagua mstari mmoja uutembee polepole, ukisoma kila jina kwa sauti ya chini, pamoja na kikosi na tarehe. Utakutana na 12 Februari 1916, kisha utakutana nayo tena, na tena. Hakuna kitabu kinachoweza kukufanyia hivyo. Umbali kutoka kaburi hadi kaburi ni hatua moja, na tarehe haibadiliki.

Ukimaliza mstari wako, tafuta waliokosekana. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Nani alibeba hizo risasi? Nani alibeba maji pale bomba lilipoishia, na unga, na mahema, na majeruhi? Tangu 1915 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na hadi vita vinakwisha Waingereza walikuwa wamewatumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Kongo na kwingineko. Kila mmoja na mzigo wake wa kilo 25 hivi kichwani, juu ya mwili uliolala njaa. Idadi ya waliokufa upande wa Waingereza hutajwa kuwa takriban 95,000, wengi wao bila risasi kuwagusa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga ambao haukupata muda wa kuiva. Mishahara ya maelfu yao haikuwafikia ndugu zao kamwe.

Makaburini Taveta hutawaona katika mistari ile. Hilo halikuwa bahati mbaya ya karatasi kupotea. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa wakati huo ulihusika katika maamuzi hayo. Nairobi na Dar es Salaam zina sanamu zao za askari, na ile ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pia. Lakini sanamu haina jina la mtu.

Ndiyo maana jambo hilo likikupata hapo, huenda likakupata mara mbili: kwanza uchungu kwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeletwa kwa meli kufia kwenye miiba ya watu, halafu hasira kwamba yeye amepewa jiwe na babu wa mtu hakupewa. Usilazimike kuchagua moja. Unaweza kumlilia kijana aliyewaita wenzake makuli. Hakuna anayekudai msimamo pale langoni.

Mambo mengine ni ya adabu tu. Mwenzako akinyamaza, usimuulize ana nini. Sogea kando, mwachie kivuli. Simu iache mfukoni hadi mtakapofika mjini, kwa sababu ukianza kutafuta maneno ya kuandika chini ya picha, hisia hugeuka maelezo kabla hujazijua. Mwislamu atasoma Fatiha kwa ajili ya waliomo na wasiokuwemo, Mkristo atasali, na asiyesali atasimama. Mtoto akiuliza kwa nini unalia, mjibu kwa ukweli na kwa ufupi: watu wengi walikufa hapa, na wengine hatuwajui majina. Asubuhi ile kaitumia kujificha vichakani, mengi ameshayaelewa. Kisha nendeni mkale. Watu wenye njaa hugombana wakitoka makaburini, sijui kwa nini.

Ukirudi nyumbani, kabla wiki haijaisha, wapigie wazee. Hii ndiyo kazi halisi ya safari, na ina ufundi wake. Usimuulize bibi kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwani atakuambia hajui, na atakuwa mkweli. Muulize kama kuna mtu katika ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya serikali akiwa kijana, au aliyekwenda kariakoo asirudi. Wazee walivitaja vita vile kwa jina hilo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na kambi zao ndizo zilizoacha Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Uliza pia kama kuna aliyepewa jina la mtu aliyepotea safarini. Kwetu majina hurithiwa, na mara nyingi jina hubaki wakati kisa kimeshasahaulika. Uliza juu ya njaa na ugonjwa wa 1918, maana wengi hukumbuka kifo cha mtu kwa msimu.

Rekodi sauti kama mzee anaruhusu, na umwache azunguke. Akianza na ng'ombe wa mahari, acha aanze na ng'ombe. Ukipata jina, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ni mahali pa kuanzia kwa Kenya. Tume ya makaburi nayo ina orodha unayoweza kuitafuta mtandaoni, ingawa sasa unajua kwa nini jina la mpagazi si rahisi kulikuta humo. Ukiambiwa jina tupu, bila mwaka wala mahali, liandike hivyo hivyo pamoja na kijiji, ukoo na jina la aliyekuambia, kisha umuulize nani mwingine aliye hai anayeweza kulijua, na umpigie huyo kesho yake.