"Would" pande zote mbili?

Swali: Ndimi mwandishi wa barua za kikundi chetu cha wakulima wa mahindi. Nimeandika "If we would get fertilizer early, we would harvest more." Katibu wetu amekata "would" ya kwanza kwa wino mwekundu. Kosa liko wapi?
Msomaji, Matai, Kalambo

Jibu: Katibu yuko sahihi. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: tungepata mbolea mapema, tungevuna zaidi. Kiingereza hakifanyi hivyo. Upande wa "if" huchukua wakati uliopita, hata kama habari yenyewe ni ya msimu ujao: "If we got fertilizer early, we would harvest more." Msimu ukishapita na mbolea haikuja, andika "If we had got it in November, we would have harvested more." "If we would have got" utaisikia hata kwa Wamarekani wakizungumza, kwenye barua rasmi iache.

"Will" nayo ina mtego huohuo. Mvua ikinyesha ni "if it rains", wala si "if it will rain".

Ila ukiomba kwa adabu, "We would be grateful if you would reply" ni sawa kabisa. Hiyo katibu asiikate.