Iacheni Injini Ipumue Kwanza

Wadogo zangu, leo tuongee tangi la kukusanya oili kwenye gari la dragi, lile linalopokea mvuke wa injini. Swali limeletwa na mdogo wetu mwenye Subaru ya EJ20. Ameongeza presha ya tabo, na sasa kila akimaliza mita 402 anakuta kijiti cha kupimia oili kimechomoka na injini imelowa. Keshatengenezewa tangi, linang'aa kweli, lakini tatizo liko palepale. Mdogo wangu, picha zako nimeziangalia. Midomo ya hosi kwenye hilo tangi ni milimita 8. Ugonjwa uko hapo.

Hata injini nzima kabisa huvujisha gesi. Mafuta yakiwaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka hadi kwenye sampu. Ukipandisha presha ya tabo, inayoshuka nayo inaongezeka. Ikikosa njia inajitafutia yenyewe: inang'oa kijiti, inasukuma sili za krenki, na sili ya nyuma ikiachia, oili inaingia kwenye klachi. Kwa hiyo tangi lina kazi mbili, na ya kwanza ni kuitoa gesi bila kuibana. Kukamata oili kunafuata. Mafundi wengi huanza na ya pili kwa sababu ndiyo inayoonekana.

EJ hupumulia sehemu tatu: kava mbili za tapeti na juu ya bloku. Zipe hosi tatu, kila moja kipenyo cha ndani milimita 16, na midomo ya kiwandani iliyo myembamba ibadilishwe. Ukijumlisha matundu hayo matatu unapata kama milimita 600 za mraba, basi tundu la kutokea, lile la filta, lisipungue kipenyo cha milimita 28. Watu hupanua mlango wa kuingilia wakausahau wa kutokea. Hosi ziwe za kuhimili oili. Mpira wa maji ya rejeta huvimba na kulainika kwa oili, na njia inaziba kwa ndani bila wewe kujua. Zipande moja kwa moja hadi kwenye tangi, zisilegee katikati, maana oili ikituama kwenye bonde la hosi inakuwa kizibo.

Ukubwa sasa. Kanuni za FIA za magari ya Kundi A hutaka lita 2 kwa injini isiyozidi sisi 2000, na lita 3 kwa kubwa zaidi, na tangi liwe na sehemu ya kuonea ndani. Nawashauri mfuate hivyo hata kama waandaaji wa mashindano yenu hawajadai, ila kanuni zao zisomeni kwanza. EJ20 ina sisi 1994. Boksi la sentimita 10 kwa 12 kwa 20 linabeba lita 2.4, kwa hiyo una nafasi ya vitu vya ndani.

Na ndani ndiko kwenye ufundi. Gesi iingie ubavuni, igonge bati la kizuizi, igeuke kushuka, kisha ipande upande wa pili ikipita kwenye wavu wa chuma kisichoshika kutu kabla ya kufika kwenye filta. Inapogonga na kugeuka, matone huachana na hewa. Bila kizuizi, gesi hukata njia ya mkato hadi kwenye filta na oili yake. Naomba msijaze stilwaya ya jikoni. Nyuzi zake hukatika na kutembea.

Tumia alumini ya milimita 3, ichomewe kwa TIG. Wadogo zangu, kwa hili nawasihi kabisa: msichukue kopo lililowahi kuwa na petroli, thina au oili mkalichomea. Mvuke uliobaki hulipuka usoni mwa fundi. Nunueni bati jipya.

Tangi likae mbali na tabo, ambayo kwenye EJ iko nyuma kulia, na lifungwe kwa bolti kwenye bodi. Chini weka koki. Midomo iliyobaki wazi kwenye bomba la tabo na manifoldi izibwe vizuri, injini isivute hewa ya pembeni. Filta isielekee tairi wala egzosi. Oili ikidondoka kwenye njia ya mashindano, anayepita juu yake kwa kasi ni mwenzako aliye nyuma kwenye foleni, na yeye hana habari.

Mwaga kila baada ya mbio na uangalie unachomwaga. Uji wa rangi ya maziwa mara nyingi ni unyevu tu uliochanganyika na oili, hasa injini inapowashwa kidogo na kuzimwa. Kabla ya kuilaumu gasketi, angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Uji huo usiurudishe kwenye sampu, una maji na petroli ndani yake, na usiumwage mtaroni.

Fungua tangi hilo, panua midomo, kisha kimbiza gari tena. Kijiti kikiendelea kuchomoka, picha ya tangi sitaihitaji. Niletee vipimo vya kompresheni vya silinda zote nne, tuzitazame ringi.