Mpira nimeacha, kitambi kinakuja

SWALI: Daktari, niliumia goti nikaacha mpira miezi mitatu iliyopita. Chakula ni kilekile, mbona naota kitambi?

JIBU: Pole sana. Tatizo ni hicho "kilekile". Misuli iliyokuwa ikichoma wanga kila jioni sasa imepumzika, na ziada inageuka mafuta. Yanayonihangaisha zaidi ni yale yanayozunguka ini na utumbo: humwaga kemikali zinazochokoza kinga ya mwili, ukawa na uvimbe wa ndani kwa ndani, usiouma lakini unaoharibu mishipa ya damu taratibu. Anza na soda. Chupa ya mililita 300 hubeba sukari ya vijiko 8 hivi vya chai. Ugali punguza nusu, ongeza maharage, mchicha na dagaa. Ila usishinde njaa, tafadhali: utapoteza misuli, na goti hilo linaihitaji.