SOMO LETU: KOMPYUTA ILIYOZIMA SI KOMPYUTA ILIYOKUFA

Wanachama wapenzi,

Wengi wenu mmetuuliza habari ya kompyuta ya Chama, iliyozima tulipokwenda Dodoma kwenye maonyesho ya Nane Nane ya mwaka 2024, katika viwanja vya Nzuguni. Yafaa tuwaeleze, kwani ndani yake mna somo.

Kompyuta ile ni ya namna ambayo mashine yote imo nyuma ya kioo. Haina sanduku kando. Humo mna daftari letu: pishi alizoleta kila mtu na fedha anazodai. Siku ya pili umeme ulikatika, uliporudi ukaja kwa nguvu, na mashine ikanyamaza, haina taa wala feni. Mtu mmoja akatwambia, "Hiyo imekufa, tupeni." Nasi, tukikumbuka haki za watu, tulitokwa na jasho, ingawa asubuhi za Dodoma mwezi wa Agosti ni za baridi.

Tukaipeleka mjini kwa fundi mmoja, mtu mzima. Akacheka, akasema, "Wanangu, ufunguo ukivunjika, mtama ulioko ghalani haupotei."

Maana yake ni hii. Umeme wa ukutani ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kuula umeme huo; yataka volti chache tu, na uende upande mmoja. Kifaa cha kuugeuza huitwa pawasaplai. Daftari halimo humo, limo katika diski, ambayo ni kifaa mbali. Basi pawasaplai ikiungua, mara nyingi diski huwa nzima.

Fundi hakukimbilia bisibisi. Kwanza alichomeka taa katika soketi ile ile, akaiona inawaka. Kisha akajaribu waya mwingine, na fyuzi ya plagi. Alitwambia pia kuwa kompyuta nyingine pawasaplai yake ni kijisanduku kilicho nje, katikati ya waya. Hiyo hubadilishwa bila ya kufungua kitu.

Yetu ilikuwa ndani. Akachomoa plagi, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akangoja. Hapa sikilizeni sana: ndani ya pawasaplai mna kapasita zinazoweza kuweka volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Zaweza kuua mtu. Kwa hivyo yeye hakulifungua kasha la pawasaplai lenyewe. Alilitoa zima, akatia jingine. Na kabla ya kugusa vifaa vya ndani alishika chuma, kwani hewa kavu ya bara huzidisha umeme wa mwilini, nao huunguza vifaa vidogo.

Pawasaplai mpya haichaguliwi kwa macho. Someni kibandiko cha ile ya zamani. Volti sharti ziwe sawasawa; wati ziwe sawa au zaidi, zisipungue; na vichwa vya waya viingie bila kulazimishwa. Bora zaidi ni kupata yenye nambari ile ile.

Ilipowaka, daftari lote lilikuwamo, hata pishi moja halikupungua. Alhamdulillahi. Lakini kosa letu hatulifichi: hatukuwa na nakala. Lau ingaliungua diski, tungaliwajibu nini wenye karafuu zao?

Basi tangu siku ile tunafuata mambo matatu. Umeme ukikatika, plagi huchomolewa, na hairudishwi mpaka umeme utulie kwa dakika chache. Mashine hufutwa na hufunikwa, kwani Dodoma adui ni vumbi, na kwetu visiwani ni chumvi na unyevu wa bahari. Na kila Alhamisi nakala ya daftari hutiwa katika flashi, ikawekwa nyumba nyingine.

Mwanachama akitaka kuiona nakala hiyo, na atuulize. Ni haki yake.

Wasalaam,
Katibu wa Chama