Dunia Ikiingia Kanisani, Maskini Hubaki Nje

SOMO LA MWEZI
Maandiko: 1 Wakorintho 11:17–34, Matendo 6:1–7, 2 Wakorintho 8:1–5

Tunaomba kila nyumba ifungue Biblia na kusoma maandiko haya kwanza, kisha tuendelee pamoja.

Tukisikia kwamba dunia imeingia kanisani, wengi wetu tunafikiri mavazi, nywele, pombe na muziki. Au tunafikiri makanisa ya miji mikubwa, yenye majengo ya fahari na wachungaji wenye magari. Tunasema: sisi wa kambini mambo ya dunia tutayapatia wapi, nasi paa letu ni turubai? Lakini Paulo anatuonyesha mlango mwingine ambao dunia hupitia, na mlango huo hauhitaji fedha nyingi. Dunia huingia pale watu wa Mungu wanapoanza kupimana kwa kile mtu alicho nacho.

1. Mambo yalivyokuwa Korintho

Warumi waliuharibu mji wa Korintho mwaka 146 K.K. Mwaka 44 K.K. Julius Caesar aliamuru ujengwe upya, na wengi waliopelekwa kuishi huko walikuwa watumwa walioachwa huru. Mji ulikuwa na bandari mbili, biashara ilikuwa nyingi, na mtu aliyekuwa si kitu aliweza kutajirika na kupata jina. Kwa hiyo watu wa Korintho walipenda sana heshima na nafasi ya mbele. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na miezi sita akifundisha (Matendo 18:11), na kanisa likazaliwa. Ndani yake walikuwamo watumwa, na pia watu wenye nyumba kubwa.

Siku zile hapakuwa na majengo ya kanisa. Waamini walikutana katika nyumba ya mwenye nafasi, wakala pamoja na kushiriki Meza ya Bwana. Chumba cha kulia cha nyumba ya tajiri wa Kirumi, kwa desturi, kilitosha watu tisa hivi. Wataalamu wengi wa Biblia wanaeleza kwamba marafiki wa mwenye nyumba walikaa ndani, na wengine wakabaki uani. Mtumwa na kibarua hawakuwa na uhuru wa kutoka kazini mapema. Walipofika, chakula kilikuwa kimekwisha. Ndiyo maana Paulo anasema huyu ana njaa na yule amelewa (mstari wa 21).

Hapa tuangalie kwa makini. Katika mji ule, jambo hilo halikuonekana kuwa dhambi. Lilikuwa desturi. Mrumi mmoja aitwaye Plinio, aliyeishi miongo michache baadaye, aliandika kwa kuchukizwa juu ya mwenyeji aliyegawa divai ya aina tatu katika karamu moja, kila mgeni kwa ngazi yake. Wakristo wa Korintho waliketisha watu kama mji wao ulivyowaketisha. Hakuna aliyesimama kusema, “Tumfukuze maskini.” Desturi ya mji iliingia pamoja nao, ikakaa mezani, na hakuna aliyeishangaa.

Huo ndio udunia ulio mgumu kuuona. Ulevi unaonekana. Uasherati unasikika. Lakini desturi ya kumheshimu mwenye nacho inaweza kuimba nyimbo pamoja nasi miaka mingi bila kukemewa.

2. Dhambi yenyewe ilikuwa nini?

Paulo hakusema ni kosa kuwa na nyumba kubwa. Hakusema chakula kilikuwa kibaya. Alisema kwamba wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu (mstari wa 22). Kisha anafundisha juu ya kuupambanua mwili (mstari wa 29). Tujue kwamba yule ndugu aliyesimama uani na njaa yake ni kiungo cha mwili huo. Mtu hawezi kuushika mkate kwa heshima huku akimkanyaga ndugu yake.

Na dawa aliyotoa ni fupi, inamfaa hata mtoto: mngojane (mstari wa 33). Asianze mmoja kabla mwingine hajafika.

3. Kwetu kambini

Wapendwa, tujipime bila kuoneana aibu. Sisi sote tunaitwa wakimbizi, lakini hatulingani. Yuko mwenye ndugu Marekani anayemtumia fedha. Yuko mwenye kibanda sokoni. Yuko mwenye kazi kwenye shirika. Yuko ambaye jina lake limetoka kwa safari ya nchi ya tatu, na kila mtu anataka kuwa rafiki yake. Na yuko aliyefika juzi, hana kadi ya mgao, analala kwa watu. Yuko bibi anayeishi peke yake, asiyeweza kubeba unga wake kutoka kwenye mgao mpaka nyumbani, na anayembebea humkata sehemu ya unga kama malipo.

Tujiulize: viti vya mbele huketi nani? Ikipigwa harambee ya kinanda na spika, ni majina ya nani yanayosomwa kwa sauti? Dada akishindwa kuchangia sare ya kwaya, bado anaimba, au anajitoa mwenyewe kimya kimya? Mama mjane akikosa ibada Jumapili tatu kwa sababu nguo yake moja imechanika, nani anagundua kwamba hayupo? Hakuna aliyemfukuza mama huyo. Hata Korintho hawakumfukuza mtu.

Kinanda si dhambi, wala sare si dhambi. Daudi alimsifu Mungu kwa vyombo. Lakini kanisa linaloweza kuchangisha kwa ajili ya spika, na likashindwa kuchangisha kwa ajili ya kikongwe anayenyeshewa, limekwisha kuchagua litakayempendeza.

4. “Lakini sisi wenyewe ni wahitaji”

Neno hili tunalisikia sana, na lina uzito. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa kambini, na kila mama anajua sufuria yake ilivyopungua. Wengine husema kulisha watu ni kazi ya HCR na mashirika.

Tusome juu ya makanisa ya Makedonia. Paulo anasema walikuwa katika dhiki kubwa na umaskini mkubwa, lakini waliomba kwa kusihi wapewe nafasi ya kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu. Hawakusubiri kwanza watajirike. Kumsaidia mwingine ilikuwa heshima kwao, nao hawakutaka kunyimwa heshima hiyo. Shirika hugawa kwa kadi. Halimjui bibi ambaye kadi yake imepotea. Sisi tunamjua, kwa sababu ni jirani.

Tusome pia Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na mgao wa kila siku, na wajane wa lugha moja wakasahauliwa. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wanyamaze kwa ajili ya amani. Walichaguliwa watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani, lugha ya wale waliosahauliwa. Aliyeonewa alipewa nafasi ya kusimamia mgao. Tusikie sisi tulio na makabila na lugha nyingi katika ibada moja.

5. Tutende nini?

Kabla ya Meza ya Bwana ya mwezi huu, tunaomba haya:

– Kila kiongozi wa jumuiya aandike majina ya wasioonekana ibadani, na watembelewe wiki hiyohiyo.
– Siku ya mgao, kila nyumba inayoweza ilete kikombe kimoja cha unga au maharage. Mashemasi wawili wapime pamoja, mmoja asiwe peke yake (2 Wakorintho 8:20–21), na wapeleke usiku bila kutangaza majina.
– Hesabu ya kanisa isomwe mbele ya wote: kiasi gani kimekwenda kwenye vyombo, na kiasi gani kwa wahitaji.
– Asiwepo mtu wa kuzuiwa kuimba kwa kukosa sare.
– Vijana wagawane zamu ya kuwabebea wazee mgao wao, bila malipo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni desturi gani ya kambi tuliyoizoea, ambayo imekaa mezani pamoja nasi?
2. Katika jumuiya yetu, nani anakula wa mwisho?
3. “Mngojane” maana yake nini kwetu wiki hii?

Bwana awape neema ya kungojana mpaka wa mwisho afike. Amina.

Mchungaji wenu katika Kristo