Kwa Nini Nampenda Liyongo

Hapa Kigali tumelelewa kwa hadithi za Ruganzu Ndori, aliyefichwa kwa shangazi yake huko Karagwe, kisha akarudi kuikomboa nchi ya baba yake. Namheshimu sana. Lakini shujaa nimpendaye kuliko wote ni Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Wengi humsifu kwa nguvu zake, na kwa werevu wa kukata pingu gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Hayo yastaajabisha, lakini kustaajabu si kupenda.

Mimi nilianza kumpenda pale mwanawe alipomwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo alitambua kwamba kijana ametumwa na adui. Hata hivyo alimwambia kweli: ni sindano ya shaba, kitovuni. Mwana akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akatwaa upinde, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akafa vivyo hivyo. Watu wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai.

Nguvu zake mimi sina, lakini kusalitiwa na nimpendaye naweza. Hapo ndipo shujaa anapokuwa ndugu yangu. Basi, usomapo hadithi, usiulize tu shujaa amshinda nani; uliza pia ampenda nani, na pendo hilo lamgharimu nini.